Walioondoka Kwenye Mstari

Maandishi yenyewe ni mafupi, safu mbili tu.

6, 6, 6, 6+, 7, 9+, 10, 10+, 11+, 13, 16, 17+, 19+, 20+, 22, 23, 25+, 32+, 32+, 34+, 35+

1, 1, 2, 2, 3, 4, 4, 5, 5, 8, 8, 8, 8, 11, 11, 12, 12, 15, 17, 22, 23

Hayana jina la mtu, hayana umri, hayana mji. Kila namba ni idadi ya wiki ambazo mtoto au kijana mmoja mwenye lukemia kali, ile saratani ya damu isiyompa mtu nafasi, alikaa bila ugonjwa kumrudia baada ya kutulizwa na dawa za steroidi. Safu ya juu ni ya waliopewa 6-merkaptopurini. Ya chini ni ya waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Emil Freireich na wenzake walizichapisha Marekani mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Edmund Gehan alizichukua kujaribia kanuni yake ya hesabu, na mwaka 1972 David Cox akazitumia katika makala iliyobadilisha takwimu za tiba duniani kote. Tangu hapo hazijatoka vitabuni. Mwanafunzi wa takwimu, awe Kampala, Dar es Salaam au hapa Bujumbura, akifundishwa namna ya kupima muda wa kuishi, huenda akaanza na hawa 42 bila hata kuambiwa kwamba walikuwa watoto.

Mimi si mwanatakwimu. Nimezoea tenzi na riwaya, na nyumbani kwangu Kibenga rafu haina kitabu cha tiba. Lakini habari za dawa mpya za lukemia hutufikia kwa umbo moja tu, mchoro wa mstari unaoshuka, na umbo hilo lina kanuni zake kama utenzi ulivyo na mizani. Asiyezijua ataona mstari ukishuka na asijue nani ameushusha. Namba hizi 42 ndizo mahali pazuri pa kujifunzia.

Tuanze na mpangilio. Namba zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na msomaji anaweza kudhani ndivyo zilivyozaliwa. Sivyo. Katika utafiti wa Freireich wagonjwa walikwenda wawili wawili: hospitali moja, kiwango kimoja cha kutulia kwa ugonjwa, kisha kura ikaamua nani apate dawa na nani apate kidonge kitupu. Jozi zilikuwa 21. Watafiti walizihesabu moja moja kadiri zilivyomalizika, na zilipofika jozi 18 ambazo aliyemeza dawa alikaa muda mrefu zaidi, dhidi ya jozi 3 ambazo mwenzake ndiye aliyekaa zaidi, wakasimamisha. Vitabu vingi vimezivunja jozi hizo na kuzipanga namba kwa ukubwa. Huo ni uhariri, na uhariri mzito: watoto wawili waliougua chini ya paa moja wamegeuzwa makundi mawili yasiyojuana.

Kisha kuna alama ya kujumlisha. Imetokea mara 12 katika safu ya juu, na haimo kabisa katika safu ya chini. Maana yake ni kwamba hadi hesabu zilipofungwa, ugonjwa ulikuwa haujamrudia mtoto mwenyewe; wa 25+, kwa mfano, amefika wiki ya 25, na yaliyofuata hayakuandikwa. Hapo msimulizi anakiri kwamba ameondoka kabla kisa hakijaisha. Katika safu ya chini hakusalia wa kuwekewa alama hiyo. Ugonjwa uliwarudia wote, zaidi ya nusu yao hawakuvuka wiki ya 8, na wa mwisho alifika wiki ya 23. Kabla hujagusa kalamu ya hesabu, jicho peke yake limekwisha kuona: safu moja ni ya sentensi zilizofungwa, nyingine ni ya sentensi nyingi zilizoachwa wazi. Sijui nathari fupi kuliko hiyo iliyowahi kueleza dawa inafanya nini.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alipotoa taarifa ya watoto 16 wa lukemia waliopewa aminopterini, 10 kati yao wakapata nafuu, aliwasimulia watano mmoja baada ya mwingine: homa, bandama, chembe za damu, siku mtoto aliporudi kucheza. Ilikuwa hadithi. Umbo la mstari lilikuja miaka kumi baadaye, 1958, na asili yake inachekesha kidogo. Edward Kaplan, wa maabara za Bell, alikuwa akihangaika na mirija ya elektroni iliyozamishwa baharini pamoja na nyaya za simu, mahali ambapo fundi hawezi kushuka kubadilisha kilichoharibika. Paul Meier alikuwa akifikiria wagonjwa wa saratani. Kila mmoja alipeleka makala yake kwenye jarida lilelile la wanatakwimu wa Marekani, mhariri akawataka waandike pamoja, na kuelewana kwao kukachukua miaka. Mwaka huohuo daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha makala yake juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto 38, na yeye hoja yake aliijenga juu ya picha za nyuso.

Mchoro wa Kaplan na Meier ni ngazi ya kushuka. Unaanzia juu kushoto, asilimia 100, siku ya sifuri. Kila ugonjwa unapomrudia mtu, mstari unashuka kidato kimoja. Mtu akiondoka kwa alama ya kujumlisha, mstari haushuki. Huwekewa kikwaruzo kidogo tu, na hesabu inaendelea bila yeye. Lakini kuondoka kwake kuna athari. Waliobaki wamepungua, kwa hiyo kidato kitakachofuata kitakuwa kirefu zaidi. Katika safu ya juu, wiki ya 6 watoto watatu kati ya 21 walirudiwa na ugonjwa, na mstari ukateremka hadi asilimia 86, kila mtoto na pointi zake karibu 5. Wiki ya 22 alirudiwa mmoja, lakini walikuwa wamebaki 7, na yeye peke yake akaushusha kutoka 63 hadi 54. Uzito wake ni karibu mara mbili ya mwenzake wa wiki ya 6, na hakuna alichofanya ila kudumu.

Halafu kuna mkia. Baada ya wiki ya 23 mstari unanyooka kwenye asilimia 45 na kwenda hivyo hadi ukingoni. Msomaji mwenye haraka hupumua hapo na kusema karibu nusu wamepona. Chini ya mstari ule mnyoofu kuna watoto watano, kisha wanne, na kufika wiki ya 35 ni mmoja. Ndiyo maana majarida mazuri huchapa chini ya mchoro safu ndogo ya namba za waliosalia. Kwa kundi la dawa hapa ingesomeka: mwanzoni 21, wiki ya 10 watu 15, wiki ya 20 watu 8, wiki ya 30 watu 4. Mimi siku hizi naanzia huko chini. Mstari unapambwa na rangi; safu ile haina mapambo.

Umbo hili linasimama juu ya sharti moja, na sharti lenyewe halionekani popote kwenye karatasi. Aliyeondoka kwa alama ya kujumlisha achukuliwe kuwa na bahati ileile ya waliobaki. Kwa watoto wa Freireich ni sharti la haki, kwa sababu wao hawakukimbia. Daftari ndilo lililofungwa.

Sasa tuulete mchoro huu Kibenga. Mtaa wetu uko kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Hospitali ya chuo kikuu iko Kamenge, kaskazini. Mzazi mwenye mtoto wa lukemia anauvuka mji mzima, na Machi 2022 pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji, kwa hiyo ashuke abadilishe, au alipe teksi. Teksi nayo inategemea kama kuna petroli, na miaka hii petroli Burundi si kitu cha kutegemea. Safari hiyo haifanywi mara moja. Matibabu ya kawaida ya lukemia ya watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, mengi yake yakiwa vidonge vya 6-merkaptopurini hiyohiyo na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Katikati ya muda huo ziwa limewahi kupanda na kuingia majumbani upande wa ufukweni, watu wakahama. Anwani iliyo kwenye jalada la mgonjwa inaweza kuwa ya nyumba ambayo mlango wake uko majini.

Mzazi huyo asipoonekana tena kliniki, mtakwimu anamwekea mwanawe alama ya kujumlisha. Kwa sheria za umbo hajakosea. Lakini mtoto wa lukemia aliyekatiza dawa katikati hana bahati ya waliobaki. Ugonjwa humrudia, na kwa kawaida haukawii. Alama ileile iliyokuwa ya kweli mwaka 1963 inageuka uongo, na kinachoudhi ni kwamba ukiuangalia mchoro hutauona huo uongo. Kikwaruzo ni kilekile.

Jaribu kwa namba zilezile. Chukulia kwamba wale 12 hawakufungiwa daftari bali waliacha dawa, na kila mmoja ugonjwa ukamrudia wiki aliyoondoka. Wastani wa kati, yaani wiki ambayo nusu ya kundi imekwisha kuanguka, ulikuwa wiki ya 23. Ukihesabu upya inakuwa wiki ya 16. Mstari haunyooki tena popote; unashuka hadi sifuri wiki ya 35. Dawa ni ileile, watoto ni walewale. Tumebadilisha tafsiri ya msalaba mdogo, basi.

Eldoret, Kenya, hawakuificha tafsiri hiyo. Watafiti wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi walifuatilia watoto wa saratani waliofika kati ya 2007 na 2009, na wakaweka kuacha matibabu kuwa tokeo lenye safu yake, sawa na kifo au kurudi kwa ugonjwa. Zaidi ya nusu ya wale ambao tokeo lao lilijulikana walikuwa wameacha. Waliofika mwisho bila tatizo hawakutimia mmoja kati ya watano. Ukisoma takwimu hizo unajua mara moja kwamba adui mkubwa hakuwa kwenye uboho. Watafiti walikwenda mbele zaidi, wakatazama bima na ile desturi ya kuwazuia hospitalini wasiolipa bili. Burundi tunaijua desturi hiyo. Mwaka 2006 Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH walitoa ripoti nzima juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za nchi hii, na Mei ya mwaka uleule serikali ikatangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Lukemia ya aina ya kawaida huwapata watoto zaidi kati ya miaka 2 na 5. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 4 atatimiza mitano dawa zikiendelea. Kwenye mchoro wowote wa tiba siku yake ya kuzaliwa haina alama.

Kampala ya mwaka 1967 ilikuwa na jibu la vitendo. Mwaka huo kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma chini ya John Ziegler, daktari kijana kutoka Marekani, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ugonjwa walioutibu hapo, ule uvimbe wa Burkitt, una udugu wa karibu na lukemia kali: seli zake zikijaa kwenye uboho, madaktari huutibu kama lukemia. Mtoto aliyetoka wodini akakawia kurudi, watumishi wa kituo walipanda gari wakamfuata kijijini. Sifa ya matokeo yale hupewa dawa, siklofosfamidi, na ni haki yake. Lakini mimi nikizisoma takwimu za wakati ule naona pia petroli. Kila alama ya kujumlisha iliyofutwa ikawekwa habari kamili, njema au mbaya, ilifutwa na gari lililofika. Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker ilipotolewa kwa walioonyesha kwamba saratani inatibika kwa dawa, Burkitt na Ziegler walikuwamo, pamoja na V. Anomah Ngu wa Kameruni, na pamoja na Freireich. Mtu wa nyuso na mtu wa namba walikaa kwenye orodha moja.

Na sasa dawa mpya. Desemba 2024 yalichapishwa matokeo ya blinatumomabu kwa watoto wenye lukemia ya limfoblasti ya seli B, wale ambao tangu mwanzo hawakuhesabiwa kuwa na hatari kubwa. Dawa hii ni protini yenye mikono miwili: mmoja unashika seli ya saratani, mwingine unashika seli T ya kinga ya mgonjwa mwenyewe, na kuzikutanisha. Watoto 1,440 waligawanywa kwa kura kati ya tiba ya kawaida na tiba ya kawaida iliyoongezewa mizunguko miwili ya dawa hiyo. Baada ya miaka mitatu, walioishi bila ugonjwa walikuwa asilimia 96 dhidi ya 88. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu tofauti ilikuwa imekwisha kujionyesha.

Mchoro wake niliuchapisha kwenye duka la fotokopi. Mashine haikuwa na rangi, na mistari miwili, ambayo kwenye skrini ilikuwa na rangi tofauti, ikatoka yote myeusi, imegandana juu kabisa ya ukurasa. Wino ulivimeza vikwaruzo vyote. Nilikerwa, kisha nikaanza kuisoma ile nafasi nyeupe. Mchoro wa aina hii, ukichorwa kuanzia sifuri hadi mia, una weupe mwingi kuliko wino. Katika lukemia ya watoto ya nchi tajiri, mambo yote ya maana siku hizi hutokea kwenye ukanda mwembamba wa juu, kati ya 85 na 100, na baadhi ya wachapaji huukata mhimili au hupachika kidirisha cha kukuza ili msomaji aone kitu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani katika nchi tajiri hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Mstari wetu ungechorwa huko kwenye weupe, chini kabisa, na kidirisha cha kukuza kisingeupata.

Kingine kisichochorwa ni pampu. Blinatumomabu haimezwi wala haidungwi mara moja. Inaingia mwilini polepole, usiku na mchana, siku 28 kwa kila mzunguko, kwa kifaa chenye betri kilichounganishwa na mshipa, na mfuko wa dawa ukibadilishwa na mtu aliyefunzwa. Mhimili wa chini wa mchoro unahesabu miaka. Siku hizo 28 zimo ndani yake kama unene wa mstari.

Mchoro wa Kymriah una ujanja mwingine, nao uko mwanzoni. Tiba hii huchukua seli T za mgonjwa, huzipeleka kiwandani zikafundishwe kumtambua adui, kisha humrudishia. Marekani iliiidhinisha Agosti 2017, bei ya kuanzia dola 475,000. Katika utafiti wake mkuu, uliochapishwa mwanzoni mwa 2018, watoto na vijana walioandikishwa walikuwa 92. Waliorudishiwa seli walikuwa 75. Wale 17 wengine wapo waliofariki wakisubiri, wapo ambao seli zao hazikutengenezeka, wapo waliozidiwa. Asilimia 81 inayotajwa kila mahali, ya waliotulia ndani ya miezi mitatu, ni ya hao 75; ukigawanya kwa 92 unapata 66. Na mstari wa kuishi, sifuri yake ni siku ya kurudishiwa seli. Makala yenyewe inayataja haya wazi, siwatuhumu waandishi. Ninachosema ni kwamba mwanzo wa kisa ni uamuzi wa msimulizi, na msimulizi huyu ameanza kisa chake mahali ambapo baadhi ya wahusika wamekwisha kufa.

Kwa jicho hilo jiulize sifuri ya Kibenga ingekuwa wapi. Mtoto anapauka, ana homa, anatibiwa malaria kwanza, kwa sababu hapa malaria ndiyo mara nyingi huwa jibu sahihi. Homa inarudi, anatibiwa tena. Kituo cha afya kinampeleka hospitali, damu anaongezewa, anachangamka wiki mbili. Siku moja mtu anaomba kile kipimo ambacho maabara zetu hukiita NFS, chembe nyeupe zinaonekana kuwa nyingi kupita kiasi au chache ajabu, na anatafutwa wa kuitazama damu ile kwa hadubini. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna kituo cha saratani tangu 2012. Kwa ramani si mbali. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mchoro wowote wa tiba ungeanzia baada ya yote haya, kwa aliyefika.

Venetoklaksi sitaikawilia, ingawa ndiyo iliyobadilisha zaidi maisha ya wazee wenye lukemia kali ya mieloidi. Utafiti wake wa 2020 ulikuwa na watu 431 wasioweza kuhimili dawa kali. Walioipata pamoja na azasitidini waliishi wastani wa kati wa miezi 14.7, wenzao 9.6. Mstari wake hauna mkia mnyoofu, unashuka tu, ila taratibu kuliko wa chini yake. Umbo lenyewe linakwambia kwamba unasoma habari za muda ulioongezwa, na daktari mwaminifu humweleza mzee hivyo. Revumenibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2024 kwa lukemia zenye mpasuko fulani wa kinasaba, ilipita kwa utafiti usio na kundi la kulinganisha: wagonjwa 104 waliokwisha kushindwa na dawa nyingine, asilimia 21 wakatulia. Mstari mmoja usio na mwenzake ni umbo la dharura. Jozi za Freireich hazimo tena, na msomaji ndiye anayetakiwa kumkumbuka mtu wa pili.

Nimeuacha mwisho mchoro wa lukemia ya promielositi, kwa sababu unasomeka kinyume na mingine yote. Ugonjwa huu huua kwa kuvujisha damu, na huua upesi. Dawa zake zilitoka China: ATRA, ambayo Wang Zhenyi wa Shanghai alianza kuwapa wagonjwa mwaka 1985, na aseniki, iliyotoka Harbin. Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco na wenzake wa Italia na Ujerumani waliziweka mbili hizo pamoja, bila dawa kali za saratani, wakapata asilimia 97 ya walioishi miaka miwili bila tatizo, dhidi ya 86. Katika kundi la ATRA na aseniki hakuna aliyefariki katika awamu ya kwanza ya tiba. Mstari unakaribia kuwa dari.

Ila nao una sifuri yake. Uswidi wanaandikisha karibu kila mtu mzima mwenye lukemia kali nchini, awe ndani ya utafiti au nje, na hesabu yao ya 1997 hadi 2006 ilionyesha kwamba asilimia 29 ya wenye ugonjwa huu walifariki ndani ya siku 30 tangu kugunduliwa. Katika nchi yenye barabara, umeme na madaktari, karibu theluthi waliondoka kwenye kona ya kushoto kabisa, pale ambapo mchoro wa utafiti huwa bado haujaanza. Kuanzia hapo na kwenda mbele, karibu kila aliyevuka anafika ukingoni. Ndiyo lukemia kali ambayo kidato chake kirefu kiko siku za mwanzo, na kinaweza kupunguzwa kwa kidonge. ATRA ni ya kumeza, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haihitaji pampu wala kiwanda cha seli. Miongozo ya kitabibu haisubiri majibu ya vinasaba, ambayo kutoka Bujumbura huenda yakalazimika kusafiri nje: kidonge cha kwanza humezwa siku daktari anaposhuku, na maabara ikimkatalia baadaye, dawa inasimamishwa. Kinachohitajika ni jicho moja kwenye hadubini linaloitambua seli ile, na katika kabati la hospitali, kopo moja la dawa ambalo halijafika tarehe yake ya mwisho.